Kiraka cha Tundu la Jicho

SOMO LA HISTORIA

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za mfupa mmoja mdogo, mwembamba kama kucha yako, na habari za madaktari waliotafuta njia ya kuuziba unapovunjika.

Labda utauliza, mfupa mdogo namna hii una historia gani? Fuatana nami mpaka mwisho, nawe utaona kwamba habari zake zaweza kukusaidia nyumbani kwako, hasa ikiwa una watoto wanaocheza mpira.

NYUMBA YA JICHO

Kwanza, weka kidole chako chini ya jicho lako, taratibu. Utagusa ukingo wa mfupa mgumu. Zungusha kidole upande wa sikio, kisha juu penye nyusi, ukashuke upande wa pua. Ukingo huo ndio mlango wa tundu la jicho. Tundu lenyewe limejengwa kwa mifupa 7 iliyoungana. Kwa mtu mzima nafasi ya ndani ni yapata mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa vya kulia chakula. Jicho huchukua mililita 7 hivi tu. Nafasi iliyobaki imejaa mafuta laini, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na misuli 6 inayoligeuza jicho juu, chini na kila upande.

Ukingo ni imara, lakini kuta za ndani si imara. Sakafu ya tundu, mahali pengine, haifiki unene wa nusu milimita. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba zaidi, hata wataalamu wa zamani waliupa jina la karatasi. Tena chini ya sakafu hiyo hakuna nguzo. Pana chumba chenye hewa tupu, ndani ya mfupa wa taya la juu. Na katika sakafu hupita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye shavu, mdomo wa juu na ufizi. Ukumbuke mshipa huo, maana tutauhitaji baadaye.

JICHO LILILOZAMA

Sasa fikiri habari za mtu aliyepigwa ngumi ya jicho. Jicho limevimba na kope zimekuwa nyeusi. Baada ya wiki mbili uvimbe umekwisha, na jirani zake wote wanasema amepona. Lakini mwenyewe anajua hajapona. Akitazama juu huona taa mbili mahali pa taa moja. Akishuka ngazi hukosa kidato. Shavu lake limekufa ganzi. Na akijitazama katika kioo, aona jicho moja limezama ndani kuliko la pili.

Mtu huyo ana shida kubwa, hata kama jicho lenyewe ni zima. Ikiwa ni seremala, atapigaje msumari? Ikiwa ni dereva, atajuaje gari linalomjia ni lipi kati ya mawili anayoyaona?

Kwa miaka mingi madaktari waliona watu wa namna hii, wala hawakujua sababu. Wengine walidhani mafuta ya nyuma ya jicho yamekauka. Wengine walidhani mishipa ya fahamu imekufa. Mwaka 1889 daktari William Lang wa London aliandika habari za jicho lililozama baada ya pigo, nalo laona vizuri kabisa. Yeye alifikiri kwamba ukuta wa tundu umevunjika. Lakini hakuweza kuhakikisha, kwa kuwa mashine ya kupiga picha za mifupa ilikuwa haijapatikana. Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alivumbua mionzi ya eksirei mwaka 1895.

Hata picha hizo za kwanza hazikutosha. Katika picha ya eksirei mifupa ya uso hulaliana, mmoja juu ya mwingine, na mfupa mwembamba hufichwa na mifupa minene. Ni kama kutafuta ufa katika ganda la yai lililowekwa nyuma ya tofali.

Mwaka 1901 daktari René Le Fort wa Ufaransa alichapisha habari za majaribio yake. Alichukua vichwa vya maiti, akavipiga kwa vitu vizito, kisha akachunguza mifupa ilivyovunjika. Aliona kwamba uso hauvunjiki ovyo. Una njia zake za kuvunjika, kama vile ubao upasukavyo kwa kufuata nyuzi zake. Hata leo madaktari huyataja mavunjiko hayo kwa jina la Le Fort.

MPIRA NA NYUNDO

Jibu la wazi kuhusu sakafu ya tundu lilikuja mwaka 1957, katika Marekani. Madaktari wawili, Byron Smith na William Regan, walitaka kujua jinsi sakafu inavyoweza kuvunjika huku ukingo ukibaki mzima. Walichukua maiti, wakaweka mpira mgumu wa mchezo juu ya kope zilizofungwa, wakaupiga mpira kwa nyundo. Kisha wakatazama ndani. Sakafu ilikuwa imevunjika kuelekea chini, katika kile chumba cha hewa.

Wao walieleza hivi. Tundu la jicho limejaa vitu laini na majimaji, na majimaji hayakubali kubanwa. Mpira ukiligonga jicho, nguvu haina pa kwenda ila kusukuma kuta zote. Ukuta ulio dhaifu ndio unaopasuka. Mafuta, na wakati mwingine msuli wa chini wa jicho, husukumwa ndani ya ufa. Msuli ukinaswa, jicho haliwezi kutazama juu, na hapo ndipo mtu aonapo vitu viwili. Na nafasi ya tundu ikizidi kuwa kubwa, jicho huzama. Madaktari hao waliyaita mavunjiko hayo mavunjiko ya kupasukia nje.

Lakini kumbuka, mwanafunzi, kwamba katika elimu neno la kwanza si la mwisho. Wengine, tangu Le Fort, walisema kwamba hata pigo juu ya ukingo peke yake laweza kuikunja sakafu mpaka ivunjike, kama ukanda wa bati unavyojikunja ukiusukuma mwishoni. Mwaka 1974 Fujino wa Japani alionyesha jambo hilo kwa kutumia fuvu kavu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Sakafu yaweza kuvunjika kwa njia hii au kwa njia ile.

KUTAFUTA KIRAKA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi madaktari, walipoujua ufa, walitafuta kitu cha kuuziba.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari mpasuaji hukata kidogo katika kope la chini, kwa ndani au karibu na nywele za kope, ili kovu lisionekane. Huinua nyama taratibu mpaka afike kwenye sakafu. Huvuta juu mafuta na msuli ulionaswa. Halafu huweka kiraka bapa juu ya shimo, kama fundi atiavyo ubao juu ya tundu la sakafu. Mwisho hulishika jicho kwa koleo ndogo na kuligeuza, apate kuhakikisha kwamba halijanaswa tena.

Kiraka cha kwanza kilitoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Madaktari walikata kipande cha mfupa wa nyonga au wa ubavu. Uzuri wake ni kwamba mwili haukatai mfupa wake. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa hupata jeraha la pili, na pengine nyonga humuuma kuliko jicho. Tena mfupa huo huweza kuyeyuka kidogo kidogo, na jicho likazama tena.

Wakati huo viwanda vilikuwa vimeanza kutoa vitu vipya. Mwaka 1933 wataalamu wa kemia katika Uingereza walipata plastiki iitwayo polietilini, ile ile ambayo siku hizi hutengenezewa mifuko na ndoo. Mwaka 1938 Roy Plunkett wa Marekani alipata, bila kukusudia, unga mweupe uliokuja kuitwa Teflon. Silikoni nayo ilianza kutengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1940.

Je, mwili wa mtu utakubali kitu cha kiwandani? Vita vilikuwa vimetoa dalili moja. Vioo vya ndege za kivita za Waingereza vilikuwa vya plastiki ngumu. Ndege zilipopigwa risasi, vipande viliingia katika macho ya marubani. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande hivyo vilikaa kimya ndani ya jicho, bila kulichoma wala kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949 alimtia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki ya namna hiyo hiyo. Wengi walimpinga kwa miaka mingi, lakini leo watu wengi sana duniani wanaona kwa lenzi zilizotokana na wazo lake.

Basi katika miaka ya 1950 na 1960 wapasuaji walianza kutia viraka vya plastiki chini ya jicho. Walitumia polietilini, Teflon, silikoni na nailoni. Viraka hivyo havikuhitaji kukata nyonga. Vilikatwa kwa mkasi kwa kipimo cha shimo. Kazi ikawa fupi, na mgonjwa akarudi nyumbani na jeraha moja tu. Ilikuwa furaha kubwa.

KIRAKA KINAPOLETA MATATA

Lakini mwili si suruali. Suruali hukubali kiraka chochote, ila mwili huchagua. Kipande laini cha silikoni hakishikani na nyama. Mwili hukijengea ganda kukizunguka, nacho hukaa humo kama mbegu ndani ya kokwa. Kwa wagonjwa wengi hakuna neno. Kwa wengine kiraka kilihama mahali pake, au kiliingiwa na usaha, au damu ilijikusanya katika ganda lake na kulisukuma jicho juu. Wako waliopatwa na matata hayo miaka 20 baada ya kupasuliwa, wakati wao wenyewe walikuwa wamekwisha sahau habari za kiraka.

Madaktari wakajifunza. Ikatengenezwa polietilini yenye vitundu vidogo vidogo, kama sifongo ngumu. Nyama na mishipa ya damu huingia katika vitundu hivyo, na kiraka hushikwa kama mti ulioota mizizi. Ikaja pia wavu wa madini yaitwayo titani. Madini hayo ni mepesi, hayashiki kutu, na mfupa huyapenda. Jambo hilo la mwisho lilionekana katika Sweden, ambako Per-Ingvar Brånemark, katika miaka ya 1950, alitia vyombo vya titani katika mifupa ya sungura akashindwa kuvitoa, kwa jinsi mfupa ulivyoshikamana navyo. Wavu wa titani hubeba hata shimo kubwa. Lakini nao una kasoro yake, kwa kuwa nyama yaweza kujifunga katika matundu ya wavu na kulizuia jicho kugeuka. Viko pia viraka vinavyoyeyuka vyenyewe baada ya miezi kadhaa, vinavyofaa kwa mashimo madogo.

Chombo kingine kilichosaidia sana si kiraka bali ni picha. Mwaka 1971, katika London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza. Mashine hiyo, iitwayo CT, huonyesha mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg katika Afrika Kusini. Kwa picha hizo ufa wa sakafu huonekana wazi. Siku hizi, katika hospitali zenye vyombo vyote, picha ya tundu zima huchukuliwa kuwa kielelezo cha lile lililovunjika, na kiraka hukunjwa au kutengenezwa kwa umbo lake kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi.

UFA USIOHITAJI KIRAKA

Sasa tumefika mahali penye somo kubwa. Baada ya mwaka 1957 wapasuaji wengi waliona kwamba kila sakafu iliyovunjika yapasa kupasuliwa upesi. Mwaka 1974 Allen Putterman na wenzake, katika Marekani, walitoa habari za wagonjwa wasiopasuliwa. Kuona viwili kwao kulipungua au kuliisha kwenyewe, uvimbe na damu vilipokauka. Wengi hawakunaswa msuli hata kidogo. Ulikuwa umechubuka tu.

Habari hiyo ilileta mabishano makali. Upande mmoja ulisema pasua, upande wa pili ulisema ngoja. Siku hizi desturi ya madaktari wengi iko katikati. Mtu mzima mwenye ufa mdogo hungojewa wiki mbili hivi na kupimwa tena. Kama bado aona viwili anapotazama mbele au chini, au jicho limezama zaidi ya milimita 2, au karibu nusu ya sakafu imevunjika, hapo huambiwa habari za kupasuliwa. Wengine hupona bila kisu.

Kwa hiyo methali yetu ya ufa na ukuta ni ya kweli, lakini fundi mwema huutazama ufa kwanza. Viko nyufa vya kuachwa, viko vya kuziba kwa utaratibu, na viko vya kuziba leo leo.

MTOTO ASIYE NA JERAHA

Vile vya kuziba leo leo hutokea zaidi kwa watoto. Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi. Haupasuki vipande, bali hukunjuka na kurudi. Sakafu hufunguka kama mlango wa mtego, msuli huingia, na mlango hujifunga juu yake. Msuli uliobanwa hukosa damu. Ukikaa hivyo kwa siku chache waweza kufa sehemu yake, na baada ya hapo hakuna kiraka cha plastiki wala cha titani kitakachoufufua.

Na hatari yake ni hii: jicho la mtoto huyo halionekani baya. Huwa jeupe, bila damu, na kope hazikuvimba sana. Ndiyo maana mwaka 1998 madaktari waliochapisha habari za watoto wa namna hii waliyataja mavunjiko yao kwa weupe wa jicho. Lakini mtoto hatapiki bure. Hutapika, huona kizunguzungu, hukataa kutazama juu, na pengine moyo wake hupiga polepole. Sababu yake ni kwamba msuli wa jicho ukivutwa, habari hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye moyo. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1908 na Bernhard Aschner na Giuseppe Dagnini. Watu wakimwona mtoto anatapika baada ya kupigwa kichwani, hudhani ubongo tu ndio ulioumia, nao husahau kulitazama jicho. Siku mbili zikapita, na siku mbili hizo ndizo zilizokuwa za kumponya.

YAKUPASAYO KUFANYA

Basi, ndugu mwanafunzi, weka haya moyoni.

Mtu akipigwa pigo kubwa la jicho, kwa ngumi, mpira, kiwiko au katika ajali ya gari, mpeleke hospitali hata kama jicho linaona. Njiani, mwambie atazame kidole chako bila kugeuza kichwa. Kipeleke juu, chini na pande zote, na umuulize kama anaona vidole viwili. Muulize kama shavu au mdomo wa juu umekufa ganzi. Hapo ndipo unapofaa ule mshipa niliokuambia uukumbuke. Ganzi ya shavu ni dalili kwamba sakafu yaweza kuwa imevunjika.

Mwambie asipenge kamasi. Akipenga, hewa ya pua hupita katika ufa na kuingia nyuma ya jicho, na hewa nyingi yaweza kuubana mshipa wa kuonea. Akipiga chafya, apige kinywa wazi.

Kama uwezo wa kuona unapungua, au jicho linatokeza nje kwa maumivu makali, usingoje asubuhi. Damu yaweza kuwa inajaa nyuma yake, na saa chache tu hutosha kuleta upofu.

Na mtoto akipigwa jichoni, kisha akatapika na kukataa kutazama juu, mwambie mganga waziwazi, "Mtoto huyu hawezi kuinua jicho." Maneno hayo machache yaweza kuliokoa jicho lake.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini sakafu ya tundu la jicho huvunjika kuelekea chini?
2. Eleza faida moja na kasoro moja ya kiraka cha mfupa, na vivyo hivyo kwa kiraka cha silikoni.
3. Habari za mwaka 1974 zilibadili nini katika fikira za madaktari?
4. Kwa nini mtoto mwenye jicho jeupe aweza kuwa katika hatari kuliko mtu mzima mwenye jicho jeusi?
5. Simama mbele ya mwenzako, umpime kwa kidole kama ulivyosoma. Kisha abadilishe, akupime wewe.

Ukirudi nyumbani jioni hii, msomee mtu mmoja asiyejua kusoma ile sehemu ya yakupasayo kufanya. Kwa heri, mpaka somo lijalo.